Wimbo huu ni wa nani? Swali la uzamivu linaloanzia Mishomoroni

*Mwanafunzi anayejiandaa kwa shahada ya uzamivu katika sheria ya miliki bunifu hana haja ya kusafiri mbali kutafuta mada. Kazi kubwa ni kuigeuza mada kuwa swali, na kupata idhini ya wenyewe kabla ya kuandika.*

MISHOMORONI, MOMBASA

Kibanda cha kujazia watu nyimbo kando ya barabara ya Mishomoroni hakina jina. Kina kompyuta moja, spika mbili na vijana wanaosubiri zamu, kila mmoja na flash yake mkononi. Mteja hutaja anachotaka. Mwenye kibanda hutafuta, hunakili, hulipwa.

Jioni hii mzee mmoja ameagiza taarabu za zamani za Juma Bhalo. Haukupita muda, ameondoka na nyimbo ambazo enzi zile zingejaza kanda kadhaa.

Nyuma yake amesimama mwanafunzi wa sheria, mkazi wa mtaa huu, anayejiandaa kuomba nafasi ya uzamivu. Hana nia ya kumshtaki mtu. Anataka kujua jambo moja tu: lau sheria ingefuatwa neno kwa neno, zile shilingi zingepaswa kumfikia nani?

Kuliuliza ni rahisi. Kulijibu ni kazi ya miaka. Na anayeandika pendekezo la utafiti kabla ya kujua hasa anauliza nini, miaka hiyo humwishia njiani.

MATABAKA MANNE YA WIMBO MMOJA

Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa miongoni mwa sauti kubwa kabisa za taarabu ya Mombasa. Lakini maneno ya nyimbo zake nyingi hakuyatunga yeye. Yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, malenga aliyetoa diwani ya Malenga wa Mvita mwaka 1971.

Lahani nazo, baadhi zilitokana na nyimbo za filamu za Kihindi zilizotamba pwani. Kurekodi na kusambaza taarabu ya mji huu ilikuwa kazi ya wenye maduka, kama Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haioni hapo kitu kimoja. Shairi ni kazi ya fasihi. Lahani ni kazi ya muziki. Rekodi ina mwenyewe, aliyeipanga na kuitengeneza. Mwimbaji naye ana haki yake ya utumbuizaji, hata kama hakutunga neno wala lahani.

Na kila tabaka lina umri wake. Shairi hulindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 zaidi tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliyotengenezwa.

Piga hesabu. Rekodi iliyofanywa mwaka 1970, ulinzi wake ulikwisha Desemba 2020. Maneno yaliyomo ndani yake bado yana mwenyewe. Na kama lahani ilitoka kwenye filamu ya Bombay, mwenye kuidai hatapatikana Mombasa.

Kwa hiyo mwenye kibanda anaweza kuwa huru kuinakili ile sauti, na papo hapo akawa amevunja haki ya aliyetunga maneno yanayotamkwa na sauti hiyohiyo.

» Mtafiti anayesema "haki ya wimbo" bila kusema haki ipi ameshapotea njia. «

Hapo ndipo mada inapogeuka kuwa swali. "Hakimiliki na taarabu" ni mada. Mtu anaweza kuiandikia maisha yake yote asifike kokote. Linganisha na hili: je, warithi wa watunzi wa mashairi ya taarabu wanaweza kudai mirabaha kutokana na rekodi ambazo ulinzi wake umekwisha, ilhali hapakuwa na mkataba wa maandishi kati ya mtunzi, mwimbaji na mwenye duka?

Swali hilo lina mipaka. Lina ushahidi wa kutafutwa: stakabadhi za maduka, lebo za santuri, kumbukumbu za familia, vifungu vya sheria. Na lina mtu anayelisubiri jibu. Msimamizi wa tasnifu akilisoma, atajua papo hapo pa kumpeleka mwanafunzi wake.

HASIRA HAITOSHI

Pwani ina sababu za kukasirika kuhusu mali yake ya ubunifu, na wanafunzi wengi huingia uzamivu wakiwa na hasira hiyo. Inafaa kuwa kichocheo. Haifai kuwa hoja.

Mwaka 2006, kampuni ya Uingereza iitwayo The Kikoy Company iliomba kusajili neno "Kikoy" huko kwao kuwa alama yake ya biashara. Lau ombi lingepita, wafanyabiashara wengine wangeweza kuzuiwa kuuza vikoi kwa jina hilo katika soko la Uingereza.

Habari zilipofika Kenya, kelele zilikuwa nyingi magazetini. Lakini msajili wa alama za biashara hasikilizi kelele. Anasoma pingamizi lililowasilishwa kwa fomu na kwa wakati. Traidcraft, shirika la Uingereza linalotetea biashara ya haki, ndilo lililoshika kazi ya kupinga, na hatimaye ombi likaachwa.

Kisa hicho husimuliwa kama ushindi. Mtafiti atakisoma kama faili lenye maswali. Kwa nini pingamizi lilihitaji shirika la Uingereza? Nani nchini alikuwa na wajibu wa kufuatilia maombi yanayotangazwa ng'ambo? Mfumaji wa kikoi angeruhusiwa kusimama mwenyewe mbele ya msajili? Na wakili angelipwa na nani?

Hapa Kenya, alama inayoombwa hutangazwa kwenye jarida la Taasisi ya Miliki ya Viwanda, KIPI, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kuliwasilisha. Wangapi kati ya wauza leso wa Barabara ya Biashara hulisoma jarida hilo? Swali kama hilo linaweza kubeba sura nzima ya tasnifu.

Kisa cha pili ni cha "Hakuna Matata". Disney iliomba kusajili maneno hayo mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu ya The Lion King, na usajili ukatolewa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Mwishoni mwa 2018, ombi la mtandaoni la kuitaka kampuni iyaachilie lilitiwa sahihi na watu zaidi ya 100,000.

Wengi waliotia sahihi waliamini kwamba Waswahili wamepigwa marufuku kuyatamka maneno yao. Sivyo. Alama ya biashara hulinda matumizi ya jina kwenye bidhaa za aina iliyosajiliwa, katika nchi iliposajiliwa. Bendi ya Them Mushrooms, iliyozaliwa Mombasa, ilikuwa imekwisha kuyaimba katika Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na usajili wa Marekani haukuugusa wimbo huo.

Haina maana kwamba hapakuwa na ubaya. Ubaya upo, lakini lazima uelezwe kwa jina lake la kisheria: je, maneno ya kila siku ya lugha moja yanastahili kusajiliwa katika nchi ambayo wasajili wake hawaijui lugha hiyo? Aliyelifikisha jambo hapo ameanza utafiti. Aliyebaki na "wametuibia" bado yuko barazani.

AHADI YA KATIBA, MTIHANI WA MTAA

Katiba ya 2010 ilitoa ahadi nzito. Kifungu cha 11 kinalitaka Bunge litunge sheria itakayohakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mirabaha utamaduni na urithi wao unapotumiwa. Kifungu cha 40 kinaiamuru Serikali iendeleze na kulinda miliki bunifu ya Wakenya. Kifungu cha 69 kinaongeza ulinzi wa maarifa ya jamii kuhusu mimea na viumbe.

Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni. Inamtaka anayetaka kutumia maarifa ya jamii apate kwanza idhini ya wenyewe, wakiwa wameelezwa na kuelewa. Inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, jukumu la kuweka hifadhi ya taifa. Ulinzi wake haukatiki baada ya miaka 50. Hudumu maadamu maarifa yenyewe yanatimiza masharti ya kulindwa.

Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Lakini iliandikwa kwa kumfikiria mtu anayeishi kwao, katikati ya jamii yenye wazee wanaojulikana na mipaka inayojulikana.

Mishomoroni si hivyo. Hapa Mswahili amepakana na Mgiriama, Mgiriama na Mkamba, Mkamba na Mluo. Mganga wa mitishamba aliyejifunza kazi Rabai kwa babu yake anaweza kuwa anaishi chumba cha kupanga, anatibu watu wa kila kabila, na dawa zake amezichanganya na alizofundishwa na mgeni wa kutoka Pemba.

Maarifa yake ni ya jamii gani? Ya kaya aliyotoka? Ya wagonjwa wake? Yake mwenyewe? Idhini itolewe na yeye, na wazee wa kaya, au na ofisi ya kaunti? Na kaunti ipi: ya Mombasa anakoishi, au ya Kilifi alikojifunzia?

Mpaka wa nchi unaongeza utata. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao Harare, lilipitisha itifaki ya maarifa ya jadi mjini Swakopmund mwaka 2010, ikigusia pia maarifa yanayovuka mipaka. Kati ya maandishi ya Swakopmund na chumba cha kupanga cha Mishomoroni pana pengo, na pengo hilo bado halijapata mtafiti wake.

» Sheria ya 2016 iliandikwa kwa kuifikiria kaya. Mtihani wake mgumu uko mtaani. «

MAKTABA AU MTAANI?

Wanasheria hawakubaliani juu ya namna ya kuitafiti mada kama hii, na mwanafunzi asiyeujua ubishi huo utamshtua siku ya kutetea pendekezo.

Upande mmoja unasema sheria ni maandishi. Kazi ya mtafiti ni kusoma vifungu, hukumu na mikataba ya kimataifa, kuonyesha vinapogongana, na kupendekeza marekebisho. Upande huu una ushahidi mzuri.

Mwaka 2012, katika kesi ya Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 vilitishia haki ya uhai na afya. Fasili ya "bidhaa ghushi" ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzinasa dawa halali za bei nafuu wanazotegemea watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kesi nzima ilisimama juu ya maneno machache ya fasili moja.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilisikiliza shauri la Mercy Munee Kingoo na mwenzake kuhusu mirabaha ya milio ya kusubiri simu. Jaji Said Chitembwe alikitangaza kifungu cha 30A cha Sheria ya Hakimiliki, kilichohusu ukusanyaji wa mirabaha, kuwa kinyume cha Katiba kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo kilipotungwa. Mwanafunzi anaweza kuzisoma hukumu zote mbili bure kwenye tovuti ya Kenya Law, bila kutoka nyumbani.

Upande wa pili unauliza: na baada ya hukumu? Tangu mwaka 2022 sheria inampa mwenye wimbo si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Asilimia hiyo inamfikia vipi mwimbaji wa Kisauni ambaye hakusajili nyimbo zake popote? Hilo halimo kwenye kifungu. Limo kwenye simu yake, kwenye taarifa za malipo na kwenye mazungumzo yake na wakala. Hapo lazima mtafiti avae viatu atoke.

Pande zote mbili zina haki, lakini kwa maswali tofauti. Swali kuhusu maana ya kifungu linajibiwa maktabani. Swali kuhusu nani ananufaika na kifungu halijibiki bila kwenda kwa watu. Kosa ni kuahidi yote mawili katika pendekezo moja, kisha kugundua kwamba miaka haitoshi wala fedha.

TASNIFU INAPOGEUKA MLANGO WA MWIZI

Kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya mbinu za utafiti huigusa juujuu tu. Mtafiti wa miliki bunifu anaweza kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeivujisha mali anayodai kuilinda.

Chukua mwarobaini, mti uliojaa nyua za Mishomoroni. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa mbinu ya kuua kuvu kwa mafuta ya mti huo. Wapinzani wakaonyesha kwamba wakulima wa India walikuwa wakiutumia hivyo tangu zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa 2005.

Kwa wanaotetea rejista, somo liko wazi: maarifa yaliyoandikwa huzuia hataza ya uongo, maana hataza hutolewa kwa jambo jipya tu. Andikeni basi, kaunti iweke rejista, mwizi akija akute tumeshatangulia.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Maarifa yakishaandikwa na kuwekwa wazi, hakuna anayezuiwa kuyasoma. Kampuni haihitaji tena kumtafuta mganga. Inafungua tasnifu kwenye hifadhi ya chuo, inachukua jina la mti na ugonjwa unaotibiwa, inaingia maabara. Inachotoka nacho huenda kikawa kipya vya kutosha kupata hataza.

Kenya imewahi kuonja ladha hiyo. Vijidudu vilivyochukuliwa na watafiti wa kigeni katika Ziwa Bogoria miaka ya 1990 vilizaa vimeng'enya vilivyotumika viwandani, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likajitokeza kudai sehemu ya faida. Kudai baada ya kuchukuliwa ni kugumu kuliko kuafikiana kabla.

Mei 2024, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, zilikubaliana mjini Geneva juu ya mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje chimbuko la mali ya kijenetiki na maarifa ya jadi aliyotegemea. Mkataba huo unahitaji kuridhiwa na nchi 15 ndipo uanze kazi. Utamsaidia mganga ambaye maarifa yake yanajulikana yalikotoka. Hautamsaidia ambaye jina la jamii yake lilifutwa kwenye tasnifu kwa kisingizio cha kutunza siri.

Tena kuna hakimiliki ya tasnifu yenyewe. Anayeandika ndiye mwenye haki ya maandishi. Mzee aliyekaa kitako siku nzima akieleza hapati kitu, isipokuwa jina lake kwenye ukurasa wa shukrani. Mwanafunzi anayetafiti haki ya ubunifu akalipuuza hilo, tasnifu yake inamshitaki.

» Anayeandika ndiye mwenye haki ya maandishi. Aliyesimulia hubakia kwenye ukurasa wa shukrani. «

LESO: WAPI PA KUFUNGA, WAPI PA KUACHA

Isidhaniwe kwamba jibu siku zote ni kuongeza ulinzi. Leso inatufundisha kinyume.

Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa mwaka 1887, inajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla" inayochapwa kwenye leso zake. Mnunuzi akiiona anajua anachonunua. Alama hiyo inamlinda mwenye biashara na inamlinda mama anayenunua, na haimzuii mfanyabiashara mwingine kuuza leso yenye alama yake mwenyewe.

Mchoro wa leso ni suala jingine. Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001 inaruhusu mchoro mpya usajiliwe kwa miaka 5, na usajili unaweza kuongezwa mara mbili hadi kufika miaka 15. Msanii kijana wa Kisauni anayebuni michoro angependa ulinzi huo, hasa anapoona kazi yake imenakiliwa na kiwanda cha ng'ambo na kurudishwa sokoni Kongowea kwa bei ambayo yeye haiwezi.

Lakini muuzaji mdogo anauliza: mchoro upi ni mpya? Leso imekuwa ikiazima maua, pindo na maneno kutoka leso nyingine kwa zaidi ya karne. Ukifunga kila kitu, mwenye fedha za kusajili ndiye atakayesajili, na anayechukua mzigo kwa mkopo ataogopa kuuza.

Hapa pia kuna swali la uzamivu lenye uzito: je, usajili wa michoro umewasaidia wabunifu wa leso wa Mombasa au umewafaa waagizaji wakubwa? Jibu litatoka kwenye rejista za KIPI na kwenye meza za wauzaji, na mtafiti lazima awe tayari kupokea jibu asilolipenda.

MAKARATASI NA MPANGILIO WAKE

Mwanafunzi akishapata swali, kuna milango ya kubisha. Kamati ya maadili ya utafiti lazima iupitie mpango wake kama utahusisha watu. Kisha kuna leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, chini ya sheria ya 2013. Leseni hiyo hudumu mwaka mmoja, na mwenye nayo hutakiwa kujitambulisha kwa wakuu wa kaunti kabla ya kuanza.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inamhusu. Sauti ya mzee kwenye simu ya mtafiti ni data ya mzee, na mtafiti lazima aseme itawekwa wapi, itasikilizwa na nani, itafutwa lini.

Mazoea ni kufuata mpangilio huu: pendekezo, maadili, leseni, halafu kwenda kwa jamii na fomu ya idhini iliyokwisha kuchapwa kwa Kiingereza. Kwa mada hizi mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini. Jamii inaombwa kukubali mpango ambao haikushiriki kuupanga, kwa lugha ambayo wengi wao hawaitumii kuamulia mambo mazito.

Kwa utafiti wa maarifa ya jadi, mazungumzo ya kwanza yatangulie pendekezo. Hayahitaji kuwa mahojiano. Mtafiti bado hana leseni ya kukusanya data. Ni kuuliza: mngependa jambo gani lijulikane, na lipi lisiandikwe? Majibu hayo yaingie kwenye pendekezo kama mipaka ya utafiti. Fomu ya idhini iandikwe kwanza kwa Kiswahili au Kigiriama, kisha itafsiriwe kwa ajili ya kamati.

Jingine ni kuangalia kama ardhi inasogea. Muswada wa mwaka 2020 ulipendekeza KIPI, KECOBO na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ziunganishwe kuwa ofisi moja. Swali lililojengwa juu ya muundo wa ofisi linaweza kufa kwa sahihi moja. Lililojengwa juu ya haki ya mtu halifi.

KABLA YA KUANDIKA PENDEKEZO

• Taja haki mahususi: hakimiliki, alama ya biashara, hataza, mchoro au maarifa ya jadi. Ukitaja zote, hujachagua.

• Soma faili moja kamili, liwe hukumu, pingamizi au mkataba, kabla ya kusoma makala kumi yanayolizungumzia.

• Amua kama swali lako ni la maana ya sheria au la matokeo yake, kisha chagua mbinu.

• Zungumza na wenye maarifa mapema, na uandike wanachotaka kisiandikwe.

• Panga watakachopata wao tasnifu ikikamilika: nakala kwa lugha yao, jina lao likitajwa wakitaka, na haki ya kusema hapana.

MZIGO WA VYUO NA KAUNTI

Si haki mzigo wote kumwangukia mwanafunzi. Vyuo vinavyofundisha sheria pwani vinapaswa kuzitaka kamati zao za maadili zikubali fomu za Kiswahili na zikubali kwamba sehemu ya tasnifu inaweza kufungwa isisomwe na umma, pale jamii inapotaka hivyo.

Nayo Kaunti ya Mombasa ina wajibu chini ya sheria ya 2016. Rejista ya maarifa ya jadi ikiendeshwa bila utaratibu wa nani aone nini, itakuwa orodha ya bidhaa kwa mnunuzi wa mbali. Kabla ya kuijaza, kaunti iweke kanuni za siri, na itamke wazi ni nani anayetoa idhini katika mitaa ya mchanganyiko kama Mishomoroni.

Kwa mwanafunzi anayesoma makala haya akiwa na mada mkononi, ushauri ni mmoja: usiandike neno la pendekezo mpaka umtaje kwa jina la haki yake mtu atakayefaidika na jibu lako, na mpaka mtu huyo awe amekubali kuulizwa.